Mikato ya kibodi: tuanze na majina ya amri

Bonyeza Ctrl+D ukiwa kwenye Firefox, ukurasa unawekewa alamisho. Kwenye Excel, yaliyomo kwenye seli ya juu yanajazwa kwenye seli za chini yake. Kwenye Word ya Windows linafunguka dirisha la fonti, na kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, mstari ukiwa mtupu, kipindi kinafungwa.

Mkato mmoja, kazi nne tofauti: wanaotaka kulimaliza tatizo hili hukimbilia kugawa vitufe. IBM ilijaribu mwaka 1987 kwa CUA, mwongozo wake wa jinsi programu zinavyotumiwa: Shift+Delete kukata, Ctrl+Insert kunakili, Shift+Insert kubandika. Programu nyingi za Windows bado zinaupokea mpangilio huo, ila vidole vya watu vimezoea Z, X, C na V, ambazo Apple ilizitumia kwenye kompyuta yake ya Lisa mwaka 1983. Vitufe ni vya mtumiaji. Kinachohitaji usanifu ni majina ya amri.

Chukua kunakili peke yake. Programu ya ofisi ya LibreOffice huiita .uno:Copy; kati ya vihariri vya maandishi na msimbo, VS Code huiita editor.action.clipboardCopyAction, Emacs huiita kill-ring-save. Faili moja ya mipangilio haiwezi kueleweka na zote tatu. Kwenye macOS, mkato wa programu hufungwa kwenye maandishi ya menyu: uyaandike yalivyo, hadi nukta tatu za mwisho. Ukibadilisha lugha ya programu, mkato unakufa, maana maandishi hayalingani tena.

Dawa ni faili ya pamoja, yenye majina ya amri ambayo programu zote zinayaelewa. Mstari wake ungetosha kuwa hivi:

hariri.tendua = Ctrl+Z, herufi, popote

Neno la pili baada ya alama ya =, yaani herufi, ndilo lenye kazi kubwa. Kitufe kinaweza kutambuliwa kwa herufi inayotoka au kwa nafasi yake kwenye kibodi. Kwenye AZERTY, mpangilio wa kibodi wa Ufaransa, Z imekaa mahali pa W ya Marekani. Programu ikisoma nafasi peke yake, Mfaransa anayetaka kutendua anapata Ctrl+W, na kichupo kinafungwa. Ikisoma herufi peke yake, anayeandika Kiarabu, awe Muscat au Unguja, hawezi kunakili: kitufe cha C kinatoa ؤ. Kwa hiyo kanuni iwe: soma herufi kwanza; ikiwa si ya Kilatini, rudi kwenye nafasi ya kibodi ya Marekani. Michezo inayotumia W, A, S na D kutembea ibaki kwenye nafasi.

Ctrl+Alt pamoja na herufi visitumike kamwe kama chaguo-msingi. Windows huihesabu AltGr, kitufe cha Alt cha kulia, kuwa Ctrl+Alt, na Mpolandi huandika ś kwa AltGr+S. Programu ikiinyakua Ctrl+Alt+S, herufi hiyo haiandikiki.

Neno la tatu, popote, ni mahali mkato unapofanya kazi. Terminali hutumia Ctrl+C kusimamisha programu inayoendesha, ndiyo maana nyingi hunakili kwa Ctrl+Shift+C, ambayo kwenye Firefox hufungua zana za wasanidi. Mahali pawe pachache: popote, uwanja wa maandishi, terminali, orodha, turubai. Masharti marefu ya lini mkato ufanye kazi, kama ya VS Code, yana nguvu, lakini hayahamishiki kwenye programu nyingine.

Faili ihifadhi mabadiliko ya mtumiaji tu. Ukihifadhi orodha nzima, mikato inayokuja na toleo jipya haitamfikia. Na toleo jipya likitaka kitufe alichokwisha kukipangia kazi, chaguo lake ndilo lishinde, kisha programu imwonyeshe amri zote mbili zinazogombana. Kunyamaza hapo ni kosa baya, maana mtu hudhani kibodi imeharibika.

Kabla ya kutoa programu, ijaribu kwa mipangilio mitatu: AZERTY na Ctrl+Z, Kiarabu na Ctrl+C, Kipolandi na ś. Kisha badilisha lugha ya menyu, urudie zote tatu.