Mlango ubaki wazi

Kikundi chetu cha kutafakari hapa Kisumu ni kidogo sana, watu tisa kwa sebule ya rafiki, na Jumapili tulibishana hadi chai ikapoa juu nilisema tuandike sheria za kulinda wanafunzi wasidhulumiwe, kabla mwalimu mgeni wa Kibudha hajafika. Mzee mmoja akaniuliza, sasa binti yangu, unashuku mtu wa dini? Nikamwambia baba, simshuku, lakini nimesoma.

Mwaka 2017 wanafunzi 8 wa siku nyingi waliandika barua kuhusu Sogyal Rinpoche, mwalimu wa Kitibeti aliyeanzisha Rigpa, shirika la Kibudha, na ripoti huru ya 2018 ikasema kweli kuna wanafunzi walidhulumiwa vibaya, kingono pia. Na Dalai Lama, kiongozi mkubwa wa Wabudha wa Kitibeti, alikuwa ashawaambia walimu wa Kibudha wa nchi za Magharibi tangu 1993 kwamba maovu kama haya yasemwe wazi! Inaniuma sana, miaka yote hiyo.

Halafu Buddha mwenyewe hakuacha hii kitu hivi hivi, kwa Vinaya, yaani sheria za watawa wa Kibudha, mtawa akilala na mtu utawa wake umeisha palepale.

Kwa hivyo nimeomba mambo machache: mafunzo ya mtu mmoja mmoja yafanywe mlango ukiwa wazi, malalamiko yapokelewe na watu wawili wasio marafiki wa mwalimu, mmoja awe mwanamke, na mtu akidhulumiwa tusikae kikao cha kupatanisha, tumpeleke hospitali kabla ya saa 72 kuisha na tupige 1195, simu ya msaada kwa waliodhulumiwa. Mzee bado hajasaini. Nitampitia kesho jioni tuongee pole pole.