Ile ya Shati Ufute

Naishi Queens, New York, mwaka wa tisa sasa. Ndio mji ule aliouzunguka Brandon Stanton, yule mpiga picha wa Humans of New York, kuanzia 2010, baada ya kupoteza kazi ya hatifungani Chicago, akitaka kupiga picha watu 10,000 wa njiani. Baadaye akawa anawauliza na mambo yao, na hapo ndipo dunia ilipomjua. Nami namuiga Jumapili zangu, na kamera ya mtumba. Watu wa kule wana ajabu: mtu humjui jina, mko kituoni Roosevelt Avenue, dakika tano keshakusimulia talaka yake yote, treni ikija huyoo.

Nilipokuja likizo Unguja nikaanzia Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe, kwa mzee muuza kahawa.

"Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha, na unihadithie maisha yako kidogo."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Basi nikahojiwa mimi. Baba nani, babu nani, mama katokea Wete upande gani, huko Marekani nafanya kazi gani, nimeoa? Vikombe vitatu na kashata mbili, mzee hajatoa lake hata moja, na wacheza dhumna wote wameshajua kwamba nimeachana na mke.

Mwisho akaniruhusu. Nilimpiga akimimina, dele la shaba mkononi, moshi unampita usoni, shati limefifia na kifungo cha juu hakipo. Picha nzuri, naapa. Akaitazama kwenye kioo cha kamera, kimya.

"Ndiyo ukawaoneshe Wamarekani hivi? Njoo Ijumaa."

Ningekumbuka mapema. Kwetu picha hutayarishiwa. Capital Art Studio ya kina Oza, Mtaa wa Kenyatta, ipo tangu 1930, na watu walikuwa wakiingia studio na nguo zao za sikukuu. Baba anayo yake ukutani mpaka leo, kasimama kama askari (na viatu, kwa siri yenu, vya kuazima).

Ijumaa baada ya sala nikamkuta na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua, dele kaliweka mbali kabisa. Akanyooka. Hakucheka. Nikapiga.

"Hiyo ndiyo. Ile ya shati ufute."

Nikaifuta mbele yake, roho ikiniuma. Akajisogeza barazani, akanipigapigia pale pa kukaa.

"Haya, mwanangu. Ulikuwa wataka kujua nini?"