Mtoto wangu alivyoanza kula kwa mkono wake mwenyewe

Mtoto wangu alianza kula akiwa na miezi 6 na siku chache, na chakula chake cha kwanza kilikuwa kipande cha kiazi kitamu alichokishika mwenyewe. Wazazi wengi wanaogopa njia hii kwa sababu ya kukabwa. Wengine wanaijaribu siku tatu, wakiona chakula chote kimeishia kwenye mkeka wanarudi kwenye kijiko. Mimi nimeona yote yanategemea mambo matatu ya jikoni: umbo la kipande, ulaini wake, na kama kina madini ya chuma.

Miezi 6 peke yake haitoshi. Nilingoja mpaka aweze kukaa wima akishikiliwa kidogo tu kiunoni, shingo ikiwa imekaza, na kila anachoshika akikipeleka mdomoni. Ambaye bado anasukuma nje kila kitu kwa ulimi, mpe wiki moja nyingine kisha ujaribu tena. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au ambaye uzito wake haupandi kwenye kadi ya kliniki, zungumza kwanza na muuguzi.

Kiti cha mtoto si lazima. Nilimpakata, mgongo wake kifuani kwangu, sinia mbele yetu juu ya stuli fupi, na khanga kuukuu imetandikwa chini. La lazima ni awe wima. Akiinama mbele kidogo, kipande kilichomshinda kinadondoka nje. Akiegemea nyuma, kinateleza kooni. Kwa hiyo hakuna kula akiwa amelala, akitambaa, au mgongoni kwenye mbeleko.

Umbo ndipo wengi wanapokosea. Mtoto wa miezi 6 anashika kwa kiganja chote, na hajui kufungua ngumi ili atoe kilichomo ndani. Ukimkatia vipande vidogo kwa kumwonea huruma, vinapotelea mkononi na analia kwa njaa huku ameshika chakula. Kipande kiwe kirefu kama kidole chako cha kati na kinene kama vidole viwili: nusu ibaki ndani ya ngumi, nusu itokeze juu. Ulaini unapimwa kwa kukibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka bila kutumia nguvu, fizi zitakiweza. Kikirudi katika umbo lake au kikikatika kwa mlio, kirudishe motoni.

Boga, kiazi kitamu na ndizi za kupika nilivichemsha kwa mvuke dakika 15 hadi 20, nikaviacha vipoe dakika chache ili vikauke juu na visiteleze. Kwenye ndizi mbivu niliosha ganda, nikaliacha sehemu ya chini liwe mshikio. Parachichi ndilo linalosumbua, linamponyoka kama sabuni, nami nililigaragaza kwenye unga wa dagaa. Ugali uwe laini kuliko wetu, tonge refu lililochovywa mchuzi, kwa sababu ugali mkavu unaganda kwenye kaakaa. Mkate laini na chapati vinafanya vivyo hivyo mdomoni, navyo nilivichelewesha.

Sasa madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo inakaribia kuisha akifika miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mtoto anayejilisha akipewa matunda na viazi tu atafurahi sana mezani huku damu ikipungua. Kila siku niliweka angalau chakula kimoja cha chuma. Nilichotegemea zaidi ni kababu za mvuke: nyama ya kusaga gramu 250, kiazi kimoja cha wastani kilichopondwa, kitunguu kilichokunwa, giligilani, bila chumvi. Finyanga vipande virefu kama 14, pika kwa mvuke dakika 20 mpaka ndani kusiwe na wekundu. Dagaa wakavu wasio na chumvi, osha mchanga kwa maji ya vuguvugu mara tatu, toa vichwa, kaanga bila mafuta, saga. Kijiko kimoja cha chai kinaingia popote. Maini mara moja kwa wiki inatosha, yana vitamini A nyingi mno. Maharage niliyaloweka usiku, nikamwaga maji yale, nikayapika mpaka yapondeke, nikampa pamoja na papai au chungwa ili chuma kifyonzwe vizuri. Chai kwa mtoto, hata ya maziwa, hapana kabisa. Inazuia chuma hicho hicho.

Yai liive hadi kiini kikauke. Karanga nilimpa iliyosagwa laini, nusu kijiko cha chai ndani ya uji, asubuhi ili nimwangalie mchana. Kabla ya kusaga, chagua karanga zisizo na kunyanzi wala ukungu, ili kuepuka sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Vyakula vinavyoweza kuleta mzio nilivitoa kimoja kimoja, nikiacha siku mbili au tatu kati yake. Mdomo ukivimba au akipumua kwa shida, ni hospitali mara moja. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyo kali aonwe na daktari kabla ya karanga na yai.

Asali hapana mpaka atimize mwaka. Chumvi na sukari siweki. Nampakulia kwanza, ndipo natia chumvi sufuria yetu. Vya kukaba ni karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, miwa, karoti mbichi, tufaha bichi, zabibu nzima na samaki ambaye hukumpekua miba kwa vidole vyako.

Kutaka kutapika na kukabwa ni vitu viwili. Katika umri huu sehemu ya ulimi inayorudisha chakula iko mbele zaidi kuliko kwetu, hivyo atakohoa, atatoa ulimi, uso utakuwa mwekundu, kisha kipande kinatoka. Mwache, usiingize kidole, utakisukuma ndani. Aliyekabwa hana sauti: hakohoi, hapumui, midomo inageuka rangi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, taya limeshikwa, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Bado? Mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5. Rudia hivyo mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri. Tumbo lisibonyezwe. Jifunze haya kwa vitendo kliniki kabla ya siku ya kwanza, pamoja na dada wa kazi na bibi wa mtoto.

Bibi ndiye atakayesema mtoto hajashiba. Ana hoja. Wiki mbili za mwanzo kinachoingia tumboni ni kidogo sana, ndiyo maana nilinyonyesha kama saa moja kabla ya chakula, ili asije mezani na njaa ya hasira. Nilianza mlo mmoja wa asubuhi, wiki ya tatu ikawa miwili, na alipofika miezi 9 ikawa mitatu. Vipande viwili au vitatu tu kwenye sinia, dakika 20 hadi 30, kisha basi. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa moja kwenye joto la Dar es Salaam sikumrudishia.

Wapo wanaosema kijiko ni marufuku. Sikubaliani nao, jikoni kwetu kuna uji na mtindi. Nilichota uji mzito, nikamwekea kijiko mkononi, akakipeleka mdomoni mwenyewe. Nilichokataza ni mtu mwingine kumtia chakula mdomoni, hasa kaka zake, maana hapo yeye hadhibiti ukubwa wa tonge. Maji ya kuchemsha nilimpa kwenye kikombe cha wazi, mafunda machache.

Kwenye miezi 8 au 9 ataanza kudokoa kwa vidole viwili. Hapo ndipo vipande vidogo vinafaa: punje za maharage zilizobinywa, wali uliolowana, samaki aliyechambuliwa. Ganda la maharage litatoka zima kwenye nepi, na hilo ni la kawaida.