Aisingi Isiyoonekana

Desemba imeingia na joto lake Mtwara, na oda za vitonge vya keki zimeongezeka. Kuna mahafali ya chekechea, kuna harusi za waliokwisha kuuza korosho, kuna bethdei zisizoisha. Watu wanavipenda kwa sababu havitaki kisu wala sahani. Mtoto anapewa kimoja mkononi, kazi imeisha.

Kinachoniweka macho usiku siyo keki, ni aisingi. Wateja wengi wanaijua ile ya kupamba tu. Mama mmoja wa huku Shangani aliniuliza, "Dada, mbona bei imechangamka hivi na aisingi yenyewe siioni?" Nikamjibu, "Imo ndani, mama, ndiyo iliyoshika." Hakuridhika sana, ila alilipa.

Ndiyo kazi yake humo ndani: kushika. Keki ikishapoa unaivuruga mpaka iwe chenga, unatia aisingi, unafinyanga. Utamu unafuata baadaye. Ndiyo maana sichagui aisingi kwa ulimi peke yake.

Siagi ya ng'ombe ina ladha ambayo majarini haiifikii, hilo sibishani na mtu. Lakini siagi inayeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, na kulegea inaanza mapema zaidi. Jikoni kwangu, saa nane mchana oveni ikiwa inawaka, hatuko mbali na hapo. Kwa hiyo nachanganya nusu siagi, nusu majarini, na sukari ya aisingi mara mbili ya uzito wa mafuta yote. Sukari hiyo lazima ichekechwe, maana unyevu wa pwani huifanya mabonge hata ndani ya pakiti iliyofungwa vizuri. Aisingi ya jibini laini ni tamu kweli, ila inataka friji muda wote, na umeme ukikatika mchana nitailinda na nini?

Nazi nayo ina mambo yake. Mafuta yake huyeyuka kwenye nyuzi kama 24, ndiyo maana chupa ya Njombe huganda na ya kwetu miezi hii ya joto haigandi. Basi tui zito natia kijiko kimoja, badala ya maziwa, kwa ajili ya harufu. Ukilitegemea lishike kitonge, utaokota uji.

Kiasi ndipo wengi wanapoharibu. Kwa nusu kilo ya chenga naanza na vijiko vikubwa vitatu vya aisingi, basi. Keki iliyookwa kwa mafuta mengi inaweza kutosheka na hivyo. Ile ya mayai, nyepesi na kavu, itadai zaidi. Nachota konzi moja, nakaza ngumi, kisha nalikata tonge kwa dole gumba. Likimomonyoka, naongeza kijiko. Likikatika vipande viwili vinavyojishika, naacha hapo hapo. Nikiona kiganja kinang'aa mafuta, imeshazidi, na dawa yake ni chenga zaidi, siyo friji. Friji inaficha tu. Kitonge kikitoka nje kinatuama kama ngamia aliyechoka.

Kuhusu ganda la juu sina maneno mengi. Chokoleti halisi ina mafuta ya kakao, nayo huyeyuka karibu na nyuzi 34, kwa hiyo kwa joto letu natumia ile ya kupaka keki, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mawese, japo ladha yake ni ya kawaida. Bakuli la kuyeyushia liwe kavu kabisa. Tone moja la maji na chokoleti inakuwa tope. Na vitonge visitoke kwenye barafu moja kwa moja, la sivyo ganda litapasuka vikianza kupata joto.

Mimi ningeachana na chokoleti miezi hii. Korosho zilizovunjika bei yake ni nafuu kuliko nzima, na zikikaangwa zikasagwa kwa mkono zinanata vizuri kwenye kitonge ambacho hakijakauka. Haziyeyuki, hazichafui vidole, na ni za hapa hapa.

Mteja wa Jumamosi anataka vya chokoleti, na sherehe yake ni uani chini ya turubai kuanzia saa saba mchana. Nimempigia nikamshauri achukue vya korosho. Anasema kwanza amuulize dada yake.