Okapi Yangu Ilibaki Ilula

Miaka ya tisini nilikuwa utingo wa lori la Dar kwenda Tunduma, na humo ndani kitu pekee kilichokuwa changu kweli kilikuwa kisu. Godoro la dereva, sufuria ya tajiri, hata ndala nilirithi kwa utingo aliyenitangulia. Kisu nilinunua mwenyewe Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, kwa kwacha za kibarua cha kushusha mizigo.

Kilikuwa Okapi, kile cha kukunja chenye mpini wa mbao uliopachikwa mwezi na nyota. Ukikifungua kinalia krr, krr, krr, jino baada ya jino; kukifunga, unavuta kipete cha chuma mgongoni. Chuma chake si cha kung'aa. Ukimenyea chungwa usikifute, asubuhi kimeshapiga weusi. Lakini kilinoleka kwa jiwe lolote la mtoni. Nilikatia kamba za turubai, nikakwangulia mipira ya kuzibia pancha, nikamenyea machungwa (mimi mtu wa Muheza, chungwa la kuparuliwa kwa kisu butu kwangu ni tusi), na Chalinze nikakatia nyama, dereva akikodolea macho vipande vikubwa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na kwamba kuanzia 1988 vinatoka Afrika Kusini. Wakati ule kwangu kilikuwa kisu cha Zambia, basi.

Masika moja tulipanda mlima wa Kitonga salama na shehena ya mbolea, tukaanza hata kuimba, springi ikakatika tulipokaribia Ilula. Dereva akadandia basi kwenda Iringa kutafuta nyingine. Mimi nikaachwa na mzigo.

Hatua chache kutoka barabarani palikuwa na mianzi ya mzee mmoja mgema ulanzi, ile pombe ya maji ya mianzi, kwa hiyo niliweza kumfuata huku jicho moja likiwa kwenye turubai. Asubuhi na jioni alipita kwenye kila chipukizi, akaliinamisha, akakata kipande chembamba juu ya jeraha la jana, kisha akatundika upya mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia maji. Kisu chake kilikuwa kimeliwa na jiwe mpaka kimebaki kama msumari.

"Ukiuponda mwanzi, unagoma," aliniambia. "Lete hicho chako, mwanangu, tukione."

Kipande cha kwanza kilidondoka chembamba hadi mwanga ulipita. Maji yakachuruzika palepale. Mzee hakusifu chochote, akahamia mwanzi wa pili.

Tangu hapo akawa anapita kwenye lori, ananisalimu Kihehe, "Kamwene", anachukua kisu, anakirudisha kimefutwa kikakauka, pamoja na kikombe cha ulanzi ambao haujachacha. Na jambo lililonishinda ni hili: kila kiliporudi kilikuwa kikali kuliko kilivyotoka. Mimi niliyejiona bingwa wa kunoa!

Springi ilifika, fundi akaifunga, na jioni injini ikawashwa. Kisu kilikuwa kwa mzee. Nikakimbia. Nilimkuta katikati ya shamba, nusu ya mianzi bado. Aliponiona alikifuta kwenye suruali, akakikunja, akakiweka juu ya kisiki nikiokote mwenyewe, maana wazee wengi hawapendi kumpa mtu kisu mkono kwa mkono.

Nikakitazama pale.

"Malizia kwanza, mzee."

"Gari lako linanguruma."

"Malizia tu."

Akanitazama kidogo, akakiokota. Krr, krr, krr. Niliondoka haraka, maana ningesimama pale dakika moja zaidi ningekidai.

Dereva hakunielewa. "Kisu kiko wapi?"

"Kinagema."

"Na wewe kamba utakata kwa meno, siyo?" Aliniimbia wimbo huo mpaka Makambako, na kusema kweli niliumia, kila tuliposimama mkono ulikuwa unajiendea wenyewe mfukoni.

Tunduma nikanunua kingine kwa machinga aliyekuwa akipita kwenye foleni ya malori. Nyota zilikuwa za kupakwa rangi, na meno hayakushika: kilijifunga juu ya kidole changu nikikata mkate. Kovu ninalo mpaka leo. Hicho nilikitupa dirishani Mlowo, wala sikugeuka nyuma.