Nilivyowafundisha Wachina "take" kwa msaada wa "piga"

Aliyenitangulia kwenye kona ya Kiingereza pale Jinhua, mji wa mkoa wa Zhejiang, China, aliniachia ushauri mmoja, tena kwa kujiamini: "Wachina wape orodha wakariri, basi, usijihangaishe." Huyo bwana sijamsamehe mpaka leo.

Kona ya Kiingereza ni jambo la kawaida vyuoni China. Wanafunzi hukusanyika jioni na kutafuta yeyote wa kuongea naye Kiingereza, na mimi Mtanzania nikaonekana nafaa. Wengi walikuwa wanajiandaa na siji, mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya nne wenye alama 710, na kila mtu anaiota 425, alama inayohesabiwa kuwa ya kufaulu.

Basi nikawapa orodha ya "take", mistari ishirini na ushee, kila mmoja na Kichina chake. Wakaitiririsha kama watoto wa madrasa na Juzuu Amma. Nikavimba kichwa. Halafu dada mmoja akaja na mafua, namuuliza hali, ananijibu "I eat medicine". Mwingine kachelewa kwa sababu "I sit the bus". Wa tatu wiki ijayo "will join the exam". "Take" yote imebaki daftarini! Na si ujinga. Kwa Kichina dawa inaliwa, husemwa "chi yao". Basi linakaliwa, zuo che. Mtihani unashirikiwa, canjia kaoshi. Orodha hata uimeze, mdomo unakwenda ulikozoea.

Tiba niliipata nikipiga miayo, kweli kabisa. Rafiki yangu Mchina akanitania kwamba na-da haqian tangu asubuhi. Nikamuuliza, hiyo da si ndiyo ya kumpiga mtu? Ndiyo hiyo hiyo.

Jioni iliyofuata Kiingereza sikukigusa. Nikaandika 打, ile da, ubaoni. Maana yake? Kupiga! Haya, simu? Da dianhua. Sindano? Da zhen. Chafya? Da penti. Miayo? Da haqian. Pembeni nikaandika piga simu, piga sindano, piga chafya, piga miayo, nikawaambia hicho ni Kiswahili, na piga ni ile ile ya ngumi. Darasa likalipuka. Wakaanza kunichokoza: wao hu-da hata sweta wakilifuma, hu-da teksi, na anayetumwa kununua sosi ya soya naye hu-da. Nikajibu mapigo: pasi, deki, mswaki, kura, magoti, hodi. Kijana mmoja akataka kujua mswaki umetukosea nini. Nikamwambia aanze yeye kunieleza kosa la sweta. (Toni zangu nazo zilichekwa. Ukiteleza, da inageuka "kubwa", na mimi niliteleza sana.)

Hapo ndipo nikairudisha "take". Nikawauliza, mkipiga simu kuna anayefikiria ngumi? Hakuna. Basi "take" nayo ni hivyo hivyo, uzito uko kwenye neno linalofuata. Nikapiga marufuku kuiandika peke yake. Nikanunua kadi za yuan chache tu, kila moja na kitu chake: picha, dawa, basi, mtihani, kuoga. Ukiokota, unataja kitenzi cha lugha zote tatu. Picha: pai, piga, "take", na hiyo pai yenyewe ni kupiga kwa kiganja! Dawa: chi, meza, "take". Basi: zuo, panda, "take". Walipoona kila lugha ina ukaidi wake, "eat medicine" ikaanza kupungua. Wenyewe wakawa wanazomeana ikimtoka mtu.

Usianze na "get", nakuonya. Ile inabeba mpaka kuzeeka na giza kuingia, utalia.

Kadi hazikufua dafu kwa "take off" na wenzake, maana pale neno dogo la nyuma ndilo linaloamua. Hizo nilizifundisha kwa kuigiza: mikono ikawa mabawa, ndege ikapaa, kisha nikavua koti katika baridi ya Zhejiang. Kwa "take after" niliomba picha za wazazi wao kwenye simu, tukabishana nani kafanana na nani hadi mlinzi akaja kututimua.