Jioni ya Marigat kwa Pasteli

Matatu ya kwenda Marigat, Baringo, ilitoka Nakuru asubuhi, ikapita Kampi ya Moto na kuingia Mogotio, penye mashamba ya mkonge na kibao cha ikweta. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Marigat ni mita 1,000 na kidogo, kwa hiyo kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi na nyasi zikaadimika. Jangwa halisi, Chalbi, liko mbali kaskazini. Hata hivyo, kwa mwenye sanduku la pasteli laini, nchi hii ya migunga, mawe na vumbi jekundu inatosha.

Vijiti vya pasteli ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo mno. Havitaki maji wala mafuta, wala havingoji kukauka, na hiyo ni faida kubwa mahali ambapo jua huzama karibu wima na giza huingia upesi. Nje ya mji, kando ya njia ya mbuzi, nilibandika karatasi yenye uso wa kukwaruza niliyokuwa nimeipaka rangi ya chungwa nyumbani, ili buluu ya anga ikipita juu yake iache vitone vya joto vikichungulia. Nilianza na vivuli vya zambarau, kisha rangi nyepesi. Kilichonipa kazi ni mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia nchi isigeuke jangwa, nao ukaenea kupita kiasi: kijani chake hakififii hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo nilikipoza kwa kahawia.

“Mwalimu, mbona umelipa jua kisogo?” aliuliza mzee aliyekuwa akirudisha mbuzi.

“Ngoja kidogo, mzee wangu, utazame kule Laikipia.”

Magharibi, nyuma ya milima ya Tugen, kulikuwa na machweo ambayo kila mtu huchora: duara la manjano na mgunga mweusi mbele yake. Mimi yamenichosha. Mashariki, mteremko mkali wa Laikipia uligeuka mwekundu, kisha, jua lilipokwisha kuzama, ukanda wa buluu ya kijivu ukapanda kutoka upeoni, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe hewani, na juu yake ukanda wa waridi. Kati ya kanda hizo hakuna mstari. Nilitumia ubavu wa kijiti, nikigusa karatasi kidogo tu, kwa sababu kusugua kwa kidole huua chembechembe.

“Pale chini pana makorongo,” akasema mzee. “Yatie.” Nikayatia kwa pembe ya kijiti cha kahawia.

Dawa ya kukaza rangi sikupuliza, maana hutia giza kwenye waridi; nilifunika michoro kwa karatasi nyororo na kuifunga kati ya mbao mbili. Kesho yake kondakta alitaka mbao hizo ziende nyuma pamoja na madebe ya asali. Nikalipa nauli ya kiti cha pili.